"Amelala" kwa Kiingereza ni nini? Jibu kwa kijana wa mapokezi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa mapokezi kwenye loji ndogo hapa Moshi, na wageni wetu wengi ni wa kupanda mlima. Juzi Mwingereza mmoja alikuja kumuulizia mwenzake, nikamwambia "He has slept." Akabaki ananiangalia. Nikaongeza "He is sleeping with the guide", kwa sababu vyumba vilijaa na huyo mwenzake alihamishiwa chumba cha vitanda viwili pamoja na kiongozi wao wa mlima. Hapo alicheka mpaka machozi. Nilikosea wapi? Na hizi sleep, lie, rest, nap, stay, lodge na put up zinatofautianaje? Kwenye kamusi kila nikitafuta naletewa lala, pumzika na kaa, basi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tumalize kwanza hicho kicheko. Kwa Kiingereza, ukisema mtu mzima "is sleeping with" mtu mzima mwenzake, maana ni moja tu, na usingizi haumo. Sisi nasi tunajua staha hiyohiyo. "Kulala na" tunaitumia kufunika jambo lisilotajwa mbele za watu. Tofauti ni kwamba kwetu mazingira ya maneno yanaokoa mengi. Ukisema "jana nililala na wajomba zangu sebuleni, nyumba imejaa watu wa msiba", hakuna atakayekushangaa. Mwingereza akisikia "I slept with my uncles" atatafuta mlango. Ulichokihitaji ni "He's sharing a room with the guide." Kitenzi "share" kinakata mzizi wa fitina: chumba ni kimoja, mengine hayakuhusu. Kama kinachofuata baada ya "sleep with" si mtu, hakuna shida: "I sleep with the window open", "I sleep with the light on".

Kosa la pili halikumchekesha, lakini ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu bila shaka unalirudia kila siku. Shuleni tulikaririshwa kwamba -me- ni "has". Kwa "amekula" sawa: "He has eaten", jambo limekwisha. Ila vipo vitenzi vya mkao na hali, kama kaa, simama, vaa, choka na lala, ambavyo vikipewa -me- vinaeleza jinsi mtu alivyo sasa hivi. Amekaa ni "He's sitting". Amesimama ni "He's standing". Amevaa koti ni "He's wearing a jacket". Na amelala ni "He's asleep". Ukisema "He has slept", Mwingereza anaelewa kwamba huyo mtu alilala, akaamka, na sasa yuko macho mahali fulani, pengine anakunywa chai. Ndiyo maana alibaki anakuangalia. Alikuwa anasubiri umwambie basi yuko wapi.

"Ameshalala" ni "He's already gone to bed", na kama una hakika usingizi umemchukua, "He's already asleep". Hili neno "asleep" lina ukaidi wake: halikubali kutangulia nomino. Mtoto aliyelala ni "a sleeping child", wala huwezi kusema "an asleep child". Usingizi mzito, ule wa fofofo, ni "fast asleep" au "sound asleep". Usidhani "fast" hapa ni mbio. Ni maana ya zamani ya neno hilo, kukazwa imara, ileile unayoisikia ndani ya ndege: "fasten your seat belt".

Sasa niingie kwenye kiini cha swali lako. Kamusi haikudanganyi ikikuletea "lala" kila mara. Tatizo ni kwamba lala yetu imebeba mambo matatu kwa mpigo. "Lala hapo nikukande mgongo": huo ni mwili, na mtu anaweza kuwa macho kabisa. "Msipige kelele, mtoto amelala": huo ni usingizi. "Leo tunalala Same, kesho tunaingia Dar": hayo ni mahali, pale usiku utakapotukuta, hata kama tutakesha tunapiga soga. Mwingereza kila kimoja amekipa kitenzi chake. Mwili ni "lie", usingizi ni "sleep", mahali ni "stay". Kabla hujafungua mdomo jiulize unazungumzia lala ipi, na nusu ya makosa yako yatapotea yenyewe.

Nianze na mwili, kwa sababu hapa hata wenye lugha wanajikwaa. Kipo "lie", yaani kujilaza, ambacho wakati uliopita ni "lay" na umbo la tatu ni "lain". Kipo "lay", kulaza au kuweka kitu, ambacho kinakuwa "laid" na "laid" tena. Na kipo "lie" kingine cha kudanganya, ambacho kinakuwa "lied". Umeona mtego: "lay" ni wakati uliopita wa kimoja na wakati uliopo wa kingine. Kanuni ya kushika ni kwamba "lay" ya kulaza haisimami bila kitu kinacholazwa. Kuku "lays eggs", fundi "lays bricks", mama "lays the baby on the bed". Mtu anayejilaza mwenyewe "lies down", na jana "he lay down". Ukiandika "I lied on the bed" umesema ulidanganya ukiwa kitandani. Wageni wako, Wamarekani hasa, utawasikia wakisema "I'm going to lay down". Waache, ni lugha yao. Wewe kwenye barua pepe ya kazi andika "lie".

Ukitaka kuona mwili na usingizi vikiachana, mwulize mgeni yeyote aliyepita Kibo Hut. Njia ya Marangu ndiyo pekee ya Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo. Njia nyingine zote ni mahema. Kibo iko kwenye mita 4,700 na kitu. Wageni hufika pale mchana au alasiri, hula mapema, hujilaza, na huamshwa kabla ya saa sita usiku waanze kupanda kwenda Uhuru, mita 5,895. Kwenye hewa haba kama ile, na kileleni panakusubiri, usingizi huja kwa wachache. Mtu akikusimulia atasema "I lay there for hours but I didn't sleep a wink", yaani alilala tu, lepe la usingizi hakulipata. Angalia jinsi Kiingereza kinavyolazimika kutumia vitenzi viwili pale ambapo sisi tungesema "nililala tu, usingizi wapi!" Kwa hiyo kiongozi anayewaamuru wageni "Go and sleep now" anawadai wasichoweza kukitoa. Viongozi wazoefu husema "Lie down and try to get some rest", na mgeni anapumua, kwa kuwa kujilaza anakuweza.

Hapohapo kwenye mwili weka na "amelazwa". Mgeni ameshushwa mlimani na machela, yuko hospitali ya KCMC, na familia yake inapiga simu kutoka Leeds. Ukiwaambia "He is sleeping in the hospital" wataona ndugu aliyejikunja kwenye benchi akimsubiri mgonjwa. Sema "He's been admitted to hospital", au "He's in hospital". Mmarekani atasema "in the hospital", yote sahihi. Kama daktari anataka tu kumwangalia mpaka asubuhi, "They're keeping him in overnight" inatosha, na haiwatii watu hofu kubwa kuliko inayostahili.

Twende kwenye usingizi. Kitenzi "sleep" kwa Mwingereza ni cha muda mrefu, hakikai kwenye nukta ya saa. "I slept for eight hours" ni sawa. "I slept at ten" ni Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki, tunaelewana nacho vizuri na sioni ubaya tukiwa wenyewe kwa wenyewe, lakini kwa mgeni kinakwaruza. Kupanda kitandani ni "go to bed", usingizi kukuchukua ni "fall asleep", na baina ya viwili hivyo panaweza kupita saa nzima ya kuchezea simu. "I went to bed at ten but I didn't fall asleep until midnight." Kwa sababu hiyohiyo "alilala njaa", ambayo magazeti ya Kenya huiandika "slept hungry", Mwingereza huisema "went to bed hungry". Asubuhi nayo ina milango miwili: "wake up" ni macho kufumbuka, "get up" ni miguu kukanyaga sakafu. Sisi yote ni kuamka, ndiyo maana mgeni aliyeomba umwamshe saa kumi na moja anaweza kukujibu "I'm awake" kwa sauti safi kabisa, na nusu saa baadaye bado hajatoka.

Kusinzia bila kukusudia ni "doze off" au "nod off". "Nod" ni kutikisa kichwa, kwa hiyo "nod off" ni ya yule abiria wa dirishani ambaye kichwa kinadondoka, anashtuka, anajifanya anatazama nje. "Drowsy" ni hali ya macho mazito, utaikuta kwenye maboksi ya dawa za mafua: "may cause drowsiness". "Nap" ni tofauti na hivyo vyote kwa sababu imekusudiwa: usingizi mfupi, kwa kawaida wa mchana, mtu ameamua. Mwingereza "has a nap", Mmarekani "takes a nap". Ukisikia "kip" au "snooze" ni jambo hilohilo kwa lugha ya kijiweni.

Na ipo "siesta", ambayo Waingereza waliiazima kwa Wahispania. Asili yake ni Kilatini, "hora sexta", saa ya sita. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, hivyo saa yao ya sita iliangukia jua la utosini. Mwingereza inabidi aelezwe hesabu hiyo taratibu. Sisi tunasema saa sita mchana kila siku, na mwenye kujilaza baada ya adhuhuri hana haja ya kueleza kwa nini usingizi huo umepewa jina la saa.

Vijineno vidogo vinavyofuata "sleep" vinabadilisha mambo, na hapa nitakwenda haraka maana ni vya kukariri tu. "Oversleep" ni kupitiwa: basi limekuacha, bosi amekasirika. "Sleep in" ni kuchelewa kuamka kwa raha zako, Jumapili. Ingawa Mskoti akikuambia "I slept in" mara nyingi anaomba radhi kwa kuchelewa. "Stay up" ni kukesha. "Sleep over" ni mtoto kwenda kulala kwa rafiki. "Sleep rough" ni kulala mitaani kwa kukosa nyumba. "Put to sleep" iangalie sana: kwa mtoto ni kumbembeleza, kwa mgonjwa wa upasuaji ni kumchoma nusu kaputi, lakini mgeni akikwambia kwa huzuni "We had our dog put to sleep", mbwa wao amekufa, daktari wa mifugo alimmalizia mateso. Usimjibu "very good". Na mgeni uliyemweleza habari za safari ya Ngorongoro akisema "Let me sleep on it", hajakataa. Anataka kuamua kesho akiwa na akili iliyotulia. Usimfuate chumbani na bei mpya.

Wapo watakaokusimulia kwamba "sleep tight" ilitokana na vitanda vya zamani vya kamba, ambavyo ilibidi kamba zikazwe ili mtu asilale kama yuko kwenye shimo. Hadithi tamu, na mtu wa pwani anayekumbuka vile vitanda duni vilivyopewa jina la teremka-tukaze ataipokea kwa mikono miwili. Bahati mbaya haina ushahidi wa kutosha. "Tight" hapo ni kwa maana ya kulala sawasawa, usingizi wa kushika, ndugu yake yule "fast" wa juu.

Sasa mahali, ambako ndiko mkate wako uliko. Mgeni amefika kukutembelea nyumbani, jioni imeingia, unamuuliza "Utalala au utarudi?" Usimwambie "Will you sleep?" Hapo ni "Are you staying the night?" au "Are you spending the night?" Vilevile "Umefikia wapi?", swali letu zuri la ukarimu, halitafsiriki kwa "Where have you reached?" Mwingereza huuliza "Where are you staying?" Vihusishi vyake vishike kimoja kimoja: unakaa "with" mtu, "at" hoteli, "in" mji, "for" usiku kadhaa, "until" siku fulani. "I'm staying with my aunt in Arusha until Friday." Ukipenda kutumia "at" kwa mtu, ongeza umiliki: "at my aunt's", kwa shangazi, maana ya nyumba yake.

Na hapa ndipo "kaa" inapotuponza. Tunakaa kwenye kiti, tunakaa Pasua miaka ishirini, tunakaa hotelini siku mbili. Kwa Mwingereza ni "sit", "live" na "stay". "Live" ndiko kwenu, vyombo vyako viko huko. "Stay" ina harufu ya kuondoka. Ukimuuliza mfanyakazi mwenzako "Where do you stay?" kwa Kiingereza cha Uingereza ya kusini umemwona mpita njia katika mji wake mwenyewe. Lakini hili usilikalie vikao: Uskoti wanauliza "Where do you stay?" wakimaanisha unaishi wapi, na Afrika Kusini na India hivyohivyo, kwa hiyo hatuko peke yetu. Ninachokushauri ni ujue unaongea na nani. Kama umehamia juzi na bado uko kwa mjomba unatafuta chumba, "I'm staying with my uncle" ndiyo haswa; ukishapata chumba Majengo na kununua kitanda, "I live in Majengo".

"Put up" uliyoiuliza ni kumpa mtu mahali pa kulala. "My uncle put me up for a week": mjomba alinipokea wiki nzima. Ongeza "with" na umemtukana: "My uncle put up with me for a week" ni mjomba alinivumilia. Nimewahi kusahihisha barua ya shukrani ya mwanafunzi aliyemwandikia mwenyeji wake "Thank you for putting up with me", na nikaiacha ilivyo, kwa sababu kwa bahati ilikuwa heshima nzuri, mtu kujishusha. Nilimweleza tu alichokiandika.

"Lodge" kama kitenzi imezeeka kidogo kwa maana ya kulala. Siku hizi watu "lodge a complaint", wanawasilisha malalamiko, jambo ambalo mapokezi utaliona pia. "Lodger" yupo bado: ni yule anayepanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba, na wanakutana jikoni. "Tenant" ni mpangaji wa kawaida mwenye mlango wake. Kwetu loji ni gesti iliyopanda daraja, au hoteli ya mbugani yenye simba wa kuchongwa getini. Kwa Waingereza "lodge" ilikuwa kijumba cha mlinzi kwenye geti la shamba la tajiri, au nyumba ya kufikia wawindaji, na mpaka leo vyuo vya Oxford na Cambridge vina "porter's lodge" pale mlangoni ambako unaulizwa unakwenda wapi.

Vijana wenye mabegi mgongoni utawasikia na "crash". "We just want to crash" ni wamechoka, wanataka kitanda, hakuna ajali. "Can I crash at yours?" ni naomba kulala kwako leo, kwenye kochi pia sawa. Ni neno la marafiki. Wewe kama mwenyeji wa kazi usimwambie mgeni "You can crash in room 6".

Mlimani kuna msemo ambao viongozi wanaukariri kwa wageni: "climb high, sleep low". Kwenye njia ya Machame, siku ya tatu, wengi hupanda mpaka Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, halafu wanashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, mwili upate kuizoea hewa. Unaona kwamba hapo "sleep" imekaa mahali pa "stay", kama lala yetu kabisa. Kwa hiyo mipaka niliyokuchorea ina upenyo. Kilichobaki ni kwamba wao wanaitumia hivyo pale usiku wenyewe unapokuwa ndiyo habari, na sisi tunaitumia popote.

"Rest" ni pumzika, na haidai usingizi wala kitanda. Mnapanda, mtu anahema, kiongozi anasema tupumzike kidogo: "Let's take a break", dakika tano, maji, twende. "Rest" inakaa vizuri kwa pumziko la maana zaidi, kama ile siku ya ziada pale Horombo ambayo programu huiita "rest day" au "acclimatisation day", siku ya mwili kuizoea hewa, ingawa wageni wanatembezwa kwenda juu na kurudi na jioni wanalalamika kwamba haikuwa pumziko hata kidogo. "Relax" ni kutuliza akili. Usimwambie mgeni aliyekasirika "Relax", kwake ni kama kumwambia acha upuuzi; mwambie "I understand, let me sort it out." Siku yako ya mapumziko kazini, ile tunayosema "leo niko off", ni "It's my day off". Na choo Wamarekani wanakiita "restroom". Akikiulizia, usimpeleke kwenye makochi.

Nimalizie na meza yako ya mapokezi, ambako maneno yetu ya kukopa yanasaliti. Gesti kwetu ni nyumba. Kwa Kiingereza "guest" ni mtu. Sasa rudi kwenye "sleep with" halafu fikiria jinsi mtu anavyosikika akisema "I slept in a guest". Taja "guest house" kamili, kila mara. Hoteli kwetu ni pale pa wali maharage; mgeni aliyeambiwa "There is a hotel across the road" hatajua kwamba umemwonyesha pa kula. "Double" ni kitanda kimoja kikubwa cha watu wawili, na "twin" ni vitanda viwili katika chumba kimoja, na hii ndiyo tofauti iliyoharibu jioni za marafiki wengi waliosafiri pamoja. Kitanda cha deka ambacho tunakiita "double decker" kwao ni "bunk bed". "Double decker" ni basi la ghorofa. "Self-contained", fahari ya matangazo yetu ya vyumba, Mwingereza anaielewa kuwa nyumba ndogo yenye jiko na mlango wake. Chumba chenye choo na bafu ndani andika "en-suite".

"Board" ya "half board" na "full board" ni meza. Zamani neno hilo lilikuwa ubao, ubao ukawa meza, na meza ikawa chakula chenyewe; ndiyo hiyo iliyomo katika shule ya boarding. Half board kwa kawaida ni kifungua kinywa na chakula cha jioni, full board ni milo yote mitatu. Hata Airbnb ilianza mwaka 2008 huko San Francisco kwa jina la AirBed & Breakfast, godoro la kujaza upepo pamoja na kifungua kinywa.

Mgeni akiingia saa tatu usiku usimpokee kwa "Good night". Hiyo ni ya kuagana, umemfukuza hajakaa. Mpokee kwa "Good evening", na "Good night" iweke mpaka anapanda ngazi.

Halafu usiku wenyewe. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na ndiyo sababu redio husema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili pasiwe na utata. "Friday night" ya Mwingereza ni usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Ukichanganya hapo, mgeni anafika na begi na chumba kina mtu. Andika tarehe mbili na idadi ya usiku: "in on 12 July, out on 14 July, two nights". Usihesabu "days", maana mgeni wa usiku mbili anaweza kujiona wa siku tatu. Mwingereza akikuandikia "a fortnight" ni wiki mbili, mabaki ya "fourteen nights". Na wao zamani walihesabu usiku.

Na siku mama mmoja atakapokuandikia kuuliza kama chumba chenu cha familia "sleeps four", usitafute kosa kwenye sentensi yake. Chumba hakilali, lakini Kiingereza kinaruhusu: anauliza kinalaza watu wangapi. Mjibu "It sleeps four, in one double and one bunk bed", na umuulize watoto wana umri gani, kama wanaweza kupanda deka.